Tulivyopanga Kwenda Kuvua Ruvuma

Kuku akishamwagiwa maji ya moto, manyoya yake hutoa harufu ambayo sabuni haiiondoi mikononi mpaka kesho yake. Juzi nilikuwa nanyonyoa kuku wa wageni hapa kwangu Chiungutwa, nimekaa juu ya kigoda, mgongo unauma kama kawaida yake, na harufu ile ilipopanda sikuwafikiria wageni wala mchuzi. Nilimkumbuka Mjomba Bakari, kaka yake mama yangu, alivyokuwa akichutama mbele ya lundo la manyoya nyumbani kwetu Newala, anachagua unyoya mmoja mmoja, anaupuliza, anasema, "Huu samaki hauachi."

Mjomba alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja wa kazi ya barabara pale Masasi. Kabla ya kuletwa kwetu, Mzungu yule alikaa kwenye baridi kule Mbeya, na Mjomba alikuwa naye. Huko, alituambia, Wazungu wamepanda samaki wao kwenye mito ya milimani kama sisi tunavyopanda mihogo, na wanawavua kwa ndoana iliyofungwa manyoya. Hakuna mnyoo, hakuna tonge la ugali. Unyoya unarushwa juu ya maji yanayokimbia, samaki anaudhani mdudu, anaudaka. Mzungu aliporudi kwao alimwachia Mjomba koti moja na kikopo cha bati chenye ndoana hizo. Koti lililiwa na mchwa. Kikopo alikilinda kuliko alivyomlinda mkewe, na Bibi alikuwa akisema ndiyo maana mke hakukaa.

Basi akaja nacho Newala kipupwe kimoja, akakiweka katikati ya uwanja, akasema, "Mwaka huu tunakwenda Ruvuma. Mimi na Mama Somoe."

Somoe ndiye mimi. Baba alikuwa kwenye mkonge huko Lindi, na nyumbani tulikuwa wanawake watatu: Bibi mzaa mama ambaye goti lake lilikataa miteremko, mama, na mimi niliyekuwa sijabebeshwa mtungi bado. Wenzangu mliokulia juu kule uwandani Newala mnajua mtungi ulikuwa nini. Mchanga wetu ulimeza mvua yote, haukubakiza hata dimbwi la kunywa mbuzi. Maji yalikuwa chini bondeni, na kati yetu na maji palikuwa na kilima ambacho kushuka kwake kulitetemesha mapaja na kupanda kwake kulifunga pumzi. Mama alitoka jogoo la kwanza, akarudi jua limekwisha kuwa kali. Alitua mtungi. Alikaa chini ukutani, miguu ameinyoosha, anatazama mbele. Mimi nikichota kata nikanywa, alinitazama koo. Nilidhani ni uchoyo.

Mwaka ule alikuwa amezidi kuchoka. Alipumzika mara nyingi njiani, majirani walisema, na akirudi midomo ilikuwa myeupe. Nilidhani amekuwa mvivu. Hakuna aliyeniambia jambo lolote, kwa sababu mambo ya tumbo la mtu mzima hayakusemwa mbele ya mtoto. Kwa hiyo safari ya Mjomba niliielewa kama ilivyokuwa masikioni mwangu: tunakwenda kuvua samaki, tutakula samaki. Mjomba aliniahidi nitabeba kapu.

Kwanza alifanya mazoezi. Alikata mwanzi mrefu, akafunga mshipi, akafunga ndoana ya manyoya, akasimama katikati ya uwanja mkavu anaurusha ule unyoya mbele, anaurudisha nyuma, mbele, nyuma, vumbi linatimka. Watu wakaanza kupita njia yetu hata wasiokuwa na shughuli upande ule.

"Bakari, wameuma?" wakauliza.

"Watauma."

Akauma jogoo. Jogoo wa Bibi, mwekundu, aliudaka ule unyoya ukiwa hewani, na Mjomba kwa mazoea aliyoyaleta kutoka Mbeya akavuta. Sitaeleza kelele zilizopigwa. Jogoo alikimbia huku amenaswa, Mjomba nyuma yake na mwanzi, Bibi nyuma ya Mjomba na mchi. Jioni ile tulikula nyama, na Bibi akamtengea Mjomba shingo peke yake, akamwambia, "Kula ulichovua."

Lakini kazi ngumu ilikuwa mpango wenyewe. Mjomba aliupanga kila alasiri, amekaa kwenye jamvi, anachora njia mchangani kwa kijiti. Hapa kwetu, hapa ukingo wa uwanda, hapa tunalala, huu mto. Kila mara ulikwama mahali pale pale.

"Siku mbili njiani," alisema, "maana Mama Somoe hatumkimbizi. Tubebe vibuyu vitatu vya maji."

"Vinatoka wapi?" Bibi akauliza.

"Kisimani."

"Nani anavileta?"

Mjomba akamtazama mama. Mama alikuwa anapepeta mtama, hakuinua uso.

"Na mimi nitakayebaki?" Bibi akaendelea. "Nalamba nini?"

"Tunakuachia mitungi miwili, imejaa."

"Anaijaza nani?"

Ungo ulikuwa unalia peke yake, sha, sha. Mjomba akafuta mto wake kwa kiganja.

"Bakari," Bibi akasema, "unamchosha mtu ili umpeleke akapumzike. Huo ni mpango?"

Kesho yake alianza upya. Watoke mwezi mchanga, watoke mwezi mpevu. Wapitie huku, wapitie kule. Kila mpango ulihitaji maji, na kila maji yalihitaji kichwa cha mama. Nami nikawa na hofu yangu mwenyewe ambayo sikuisema. Nilikuwa nimesikia kwamba kiangazi Ruvuma hujaa watu, wa upande wetu na wa ng'ambo kwa Mreno, wanafuata kambare. Sasa mimi maji niliyoyajua yalikuwa ya kisima. Kisimani unaweka kibuyu chako kwenye mstari, nyuma ya cha mwenzako, na kibuyu kinakushikia zamu hata ukienda kulala kivulini. Aliyechelewa anakuta tope. Nikawaza: wenzetu wamekwisha kupanga mstari, sisi tunachora mchangani. Ikifika zamu yetu mto utakuwa umekwisha.

Alikuwapo mzee mmoja Mmakua, Mzee Athumani, mkazi wa kando ya mto, aliyekuwa akipanda kwetu na kambare wakavu waliobanwa kwenye vijiti. Wamakua ni watani wetu. Hakuingia uwanjani bila kututukana.

"Hodi! Wamakonde wa juu, mbona leo mna uso mng'avu? Umande ulikuwa mwingi, mmeoga?"

"Karibu, Mmakua," Bibi akajibu. "Tulijua unakuja tangu jana, harufu ilikutangulia. Nyinyi mkizikwa hata mchwa wanahama."

Nikamwamkia, "Shikamoo, Babu," akaitikia marahaba, kisha nikampa kibuyu changu kidogo nilichokuwa nimekificha nyuma ya mgongo.

"Cha nini, mjukuu?"

"Ukifika mtoni ukiweke kwenye mstari. Kitushikie zamu mpaka tufike."

Mzee Athumani alicheka mpaka akatua mzigo, akakaa. Alicheka, akajifuta macho kwa pindo la kanzu, akatutazama ili tucheke naye. Akakuta hakuna anayecheka. Mama ameacha kupepeta. Bibi ameinama mbele. Bibi yangu alizaliwa ukingoni pale juu, aliuona mto maisha yake yote kwa mbali, uzi mweupe chini ya ukungu, na miguu yake haikuwahi kuukanyaga.

"Kwani," Bibi akauliza taratibu, "hakuna zamu?"

Yule mzee akaacha kucheka. Alitueleza kwa upole, kama mtu anayeongea na wafiwa. Maji ya mto, akasema, hayaishi kwa kuchotwa. Unachota, yanakuja mengine. Unaingia mwenyewe mpaka kiunoni, hakuna wa kukufukuza. Ila samaki ndio wana wenyewe. Kiangazi mto unakatika vidimbwi, kambare wanajikusanya humo, na kila kidimbwi kina ukoo wake na mitego yake. "Ukitumbukiza mtego wako pasipo pako," akasema, "utavunjwa mkono. Mwaka huu ndiyo wamesongamana kabisa, viwiko vinagusana."

"Basi hatuna mahali," Mjomba akasema.

"Mahali papo, penye mawe. Pale maji yanakimbia, hapana mwenyewe. Lakini kuna nini pale? Kuyu tu. Samaki mwenye magamba, mjanja, mtego haumwezi. Anakaa nyuma ya jiwe anadaka wadudu wanaopita. Nani atahangaika naye?"

Mjomba alisimama polepole. Aliingia ndani, akatoka na kikopo chake, akakifungua mbele ya Mzee Athumani. Zilikuwa zimelala humo ndogo ndogo, za kahawia, za kijivu, moja ya njano.

"Wadudu kama hawa?"

Mzee Athumani akaishika moja, akaigeuza, akaitazama puani pake kabisa. "Mmakonde," akasema, "wewe ni mwendawazimu. Ila hutampiga mtu kiwiko."

Hapo Bibi akanigeukia. "Somoe, nenda kawape kuku pumba."

Kuku walikuwa wamekwisha kula. Nilikwenda, nikasimama nyuma ya nyumba na pumba mkononi, nikasikia vipande. Bibi alisema huyu asirudie kilima, mwaka jana tuliona. Mzee Athumani akasema mkewe yupo, ndiye anayepokea watoto wa kijiji kizima. Bibi akauliza kuhusu gharama ya kumweka mtu kiangazi kizima. Yule mzee akakasirika kwelikweli. "Mtani wangu alale nje nimpe bei? Nitamtukana kila asubuhi, inatosha."

Niliporudi mpango ulikuwa umesimama. Mama atashuka, atakaa kwa Mzee Athumani mpaka mambo yaishe. Mambo gani, sikuuliza. Mjomba atavua penye mawe, amlishe dada yake. Na maji ya njiani?

"Wewe ndiye mwenye safari," Bibi akamwambia Mjomba. "Chota."

Kwetu mwanamume hakuchota maji. Lakini Mjomba alishuka. Aliweka vibuyu vyake kwenye mstari katikati ya wanawake, akangoja, akapanda na kimoja kichwani amekishika kwa mikono yote miwili, na wanawake nyuma yake wakampigia vigelegele. "Bi Bakari! Unaolewa lini? Tuje na kanga!" Alirudi kifua kinapanda na kushuka. Akakaa ukutani pale pale alipozoea kukaa mama, miguu ameinyoosha. Siku ile mwanzi haukurushwa.

"Na ya kwangu mimi Bibi, ya kila siku?" Bibi akauliza, kisha akajijibu mwenyewe, akinyoosha kidevu upande wangu. "Huyu hapa."

"Mimi nabeba kapu," nikasema.

"Utabeba mtungi."

Nilimchukia mama. Nasema kama ilivyokuwa. Nilidhani ameninyang'anya safari yangu ili akale samaki peke yake. Asubuhi ya kuondoka alinisokotea ngata kwa kipande cha kanga yake kuukuu, akaniwekea kichwani, akaibonyeza. Mikono yake ilikuwa ya moto. "Usikimbie kwenye kushuka," akasema. "Wanaovunja ni wanaokimbia." Wakaenda, Mjomba mbele na mwanzi wake na vibuyu viwili begani, mama nyuma na kimoja kidogo, anatembea kwa kupanua miguu, taratibu, kama mtu anayevuka mahali penye utelezi, na nchi yote ilikuwa kavu.

Nikashuka kisimani na majirani. Walinifundisha kukaza shingo, kupumua kwa pua. Kwenye mstari wa vibuyu niliketi nao kivulini, na kwa sababu nilikuwa na ngata yangu pajani hawakunyamaza tena kwa ajili yangu. Waliongea kama wanavyoongea watu wazima.

"Afadhali Mama Somoe kashuka," mmoja akasema. "Ile mimba ya mwaka jana aliiacha pale kwenye mkwaju, mmesahau?"

"Nisahau vipi? Mimi ndiye niliyevua kanga tukamfunga."

"Na mtungi aliufikisha."

"Aliufikisha. Mama yake angekunywa nini?"

Nikaelewa polepole, kama maji ya kisima chetu yanavyojikusanya. Nilipopanda nilipita chini ya mkwaju ule. Ulikuwa mti tu. Mizizi imetoka nje kidogo, imesuguliwa na watu wanaokaa. Nikapumzika hapo, mtungi sikuutua, maana nisingeweza kuupandisha tena mwenyewe.

Kiangazi kile kilikuwa kirefu. Nywele za utosini zilinitoka, pakabaki upara mdogo wenye ukubwa wa ngata. Nilijifunza kulala nimekaa. Kila Bibi aliponyoosha mkono kuchukua kata, macho yangu yalikwenda yenyewe kwenye koo lake, na siku moja akaniambia bila ukali, "Unanitazama kama mama yako," nami nikageuka nikatazama ukuta.

Habari zilipanda na Mzee Athumani. Mjomba, alisema, amekuwa tamasha. Mto mzima umejaa watu wamesongamana kwenye vidimbwi, wanavutana mitego, wanatukanana kwa lugha nne, naye kasimama peke yake juu ya jiwe anapunga mwanzi kama anayefukuza inzi. Siku za kwanza alishika mawe. Kisha akashika kuyu, akampandisha juu kwa mikono miwili watu wote wamwone, samaki akamtoka akarudi majini. Baadaye walikuja, siku nyingine watatu, siku nyingine hakuna. Ndoana za Mzungu zilikwisha moja moja kwenye miamba. Akafunga manyoya ya kanga, yakaisha. "Sasa hivi anavulia panzi kama mtoto," Mzee Athumani akasema, "lakini anarusha vilevile, kwa madaha."

"Na mwanangu?" Bibi akauliza.

"Yule? Asubuhi anaingia mtoni na nguo zake, anakaa ndani ya maji. Anakaa tu. Mke wangu anampelekea uji hukohuko. Bakari anapiga kelele kwamba anamfukuzia samaki. Anamjibu wapite kando."

Bibi akacheka, akafunika mdomo kwa kanga, na mabega yake yaliendelea kutikisika muda mrefu hata sauti ilipokwisha.

Kijiti kimoja cha samaki kilikuwa cha kwetu, kuyu waliokaushwa. Watamu, wana miiba. Nilikula nikiwa nimechoka sana kuwatamani.

Mawingu yalipoanza kukusanyika upande wa Masasi bila kutoa mvua, wakarudi. Niliwaona wanatokea ukingoni. Mjomba alitangulia, mweusi kwa jua, mwanzi hana tena, vibuyu viko kichwani na mikono haivishiki. Mama alikuja nyuma. Amenenepa shavuni. Mgongoni amefunga kitu, na kichwa cheusi kidogo kilikuwa kinaning'inia upande, kimelala, kimejaa vumbi la njia.

Bibi hakuweza kusimama kwa goti, akanyoosha mikono kutoka pale alipokaa. Akapewa mtoto. Wa kiume. Akamnusa utosini, akamgeuza, akamhesabu vidole kama ilivyo desturi.

Mama alikwenda kwenye mtungi. Akachota kata, akanywa, akachota ya pili. Katika nyumba yetu hakuna aliyewahi kunywa ya pili kabla ya jua kuzama. Alikunywa kama watu wa mtoni wanywavyo, kichwa nyuma, mengine yanamwagika kifuani, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Kila funda nililisikia kwenye magoti.

"Somoe," akasema, "nipe maji nimwogeshe mwenzio."

Nilichukua chungu kidogo. Nikamimina kata moja, nikampelekea.

Akakitazama chungu, akanitazama. Macho yake yalipita usoni, yakasimama utosini pangu, mahali pasipo na nywele. Yalikaa hapo.

"Ongeza," akasema.

Nikaongeza nusu kata.

"Ongeza, mwanangu."

Mtoto akaamka. Alifumbua macho, hakulia. Kwenye mikunjo ya shingo yake vumbi lilikuwa limeshikamana na jasho, mistari miwili myekundu, na alikuwa anapiga miguu hewani kama anayetafuta kitu kilichokuwapo jana.

Nikauinamisha mtungi, nikamimina wote. Kisha nikaokota ngata yangu, nikashuka tena, jua likiwa bado kali, bila kutumwa na mtu.